Habari za Harmen Oldenbeuving, na Jinsi Kidonge cha Kobus Kilivyoshuka

Tulieni, enyi mliokaa vitini na enyi mliosimama mlangoni! Zimeni redio, teremsheni sufuria, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, maana habari ninayoileta haipendi kukatizwa. Si habari ya wafalme waliochoma miji, wala ya mabaharia waliozunguka dunia. Hao wana wasimulizi wao, na wanalipwa vizuri. Mimi nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha, katika chumba cha daktari wa wanyama mjini Assen, baina ya Harmen Oldenbeuving, fundi wa vigae, mwenye viganja vipana kama sepetu, na kidonge kimoja cha rangi ya udongo kisichofika ukubwa wa kifungo cha shati. Ewe Kumbukumbu, mama wa watunza tarehe, nishike mkono. Usiniache nikasahau hata kipande kimoja cha soseji.

Harmen huyu alikuwa mtu wa Rolde, mwenye miaka hamsini na saba, mpole wa kauli na mzito wa hatua. Nusu ya mabafu ya mkoa wa Drenthe yalikuwa yamepita chini ya mikono yake, na hakuna kigae chake hata kimoja kilichowahi kubanduka. Mkewe alikuwa Tjitske, mkunga, jemadari wa vyumba vya kujifungulia, aliyewapokea duniani watoto zaidi ya elfu mbili na kuwaamuru wote walie kwa wakati. Mwaka huo Tjitske alipata kazi katika bonde moja la Norwei, ambako mkunga wa zamani alikuwa amestaafu na wajawazito wakisafiri saa mbili kwa gari kumtafuta mwingine. Wakauza nyumba, wakafunga masanduku, wakagawa vilivyozidi. Na katika vilivyozidi palikuwa na kabati.

Kabati lile lilichukuliwa na Bibi Roelfien, mjane wa miaka themanini na minne, ambaye naye alikuwa akihama, ila yeye safari yake ilikuwa ya kwenda makao ya wazee, mitaa mitatu tu kutoka kwake. Harmen akatumwa alipeleke. Akaondoka asubuhi na kabati juu ya gari, akarudi adhuhuri bila kabati. Lakini kifuani, kati ya kifungo cha pili na cha tatu cha koti lake, palichungulia pua nyeusi yenye unyevu.

"Harmen," akasema Tjitske, "nilikutuma upeleke kabati."

"Nimelipeleka."

"Na hiki ni nini?"

"Hiki ni Kobus."

"Jina sikuuliza."

"Kule anakokwenda Bibi Roelfien hawaruhusu mbwa. Angepelekwa kwa watu asiowajua."

"Na sisi je, anatujua?"

"Hapana," Harmen akakiri. "Lakini mimi nimeona machozi."

"Ya mbwa?"

"Ya bibi."

Tjitske akamtazama mumewe, akamtazama mbwa, akayatazama masanduku arobaini yaliyokwisha kufungwa kwa utepe wa gundi. "Wiki tano, Harmen," akasema. "Zimebaki wiki tano tuhame nchi. Watu wengine wakibakiwa na wiki tano hununua kamba za mizigo. Wewe umeleta mbwa." Kisha akaenda kutafuta bakuli la maji, na katika nyumba ile jambo likishafika kwenye bakuli limekwisha kuamuliwa.

Sasa mjueni Kobus, maana shujaa hupimwa kwa anayempinga. Alikuwa wa ukoo wa wale mbwa warefu wa kiwiliwili na wafupi wa miguu, ambao mababu zao waliingia mashimoni kupambana na melesi, wale wanyama wakali wachimba mashimo, wakatoka na masikio nusu na heshima nzima. Manyoya yake yalikuwa magumu kama brashi ya kusugulia sakafu, na ndevu zake zilikuwa za waziri aliyejiuzulu kwa hasira. Alikuwa na umri wa miaka sita. Alikubali kulala karibu na miguu ya Harmen, alikubali kutembea, alikubali kupigwa picha ya paspoti; lakini kitu chochote alichonyooshewa kwa mkono alikinusa, akamtazama mtoaji kama anayemsomea barua zake za siri, akageuza uso.

Na nchi ya Norwei ina sheria yake, tena sheria ya haki. Kuna mnyoo mmoja mdogo mno ambao nchi ile haina na haiutaki, kwa kuwa unapita kwa mbwa na mbweha ukaingia kwa watu na kukaa kwenye ini miaka mingi bila kubisha hodi. Basi kila mbwa aingiaye sharti ameze dawa mbele ya daktari, isiwe zaidi ya siku tano kabla ya kufika wala chini ya saa ishirini na nne, na daktari aandike saa ile katika paspoti na kugonga muhuri. Chanjo Kobus alikuwa amekwisha kuchomwa, na siku zake za kungoja alizingoja. Siku ya Jumatano akapelekwa kwa Daktari Fenna, akapewa kidonge ndani ya soseji ya ini iliyowekwa sakafuni. Soseji ikatoweka, Fenna akagonga muhuri, Harmen akashukuru. Ikaonekana kama mambo yamekwisha. Alhamisi lori likachukua masanduku na kutangulia. Safari ilikuwa Jumamosi alfajiri, kupita Ujerumani na Denmark hadi kwenye meli ya saa tisa alasiri, ifikayo Norwei saa kumi na mbili na robo jioni.

Lakini Ijumaa, enyi wasikilizaji, ilipotimu saa kumi kasoro robo, Harmen alikuwa amepiga magoti katika gari lake akilisafisha kwa mashine ya kufyonza vumbi. Mashine ikakwama. Akaingiza kidole katika mdomo wa mashine, kwa ujasiri, akavuta. Na kiganjani pake kikatua kidonge cha rangi ya udongo, kikavu, kizima, kilichorambwa upande mmoja tu.

Akakaa pale pale, mguu mmoja ndani ya gari na mwingine mvuani. Akaelewa yote. Kobus alikuwa amekificha shavuni tangu Assen, akakitema chini ya kiti, akalala juu ya siri yake siku mbili kama mtu mwema.

Akaingia ndani na kukiweka kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, mbele ya mkewe, ambaye alikuwa akisugua jiko la mwisho kabla ya kukabidhi nyumba.

"Nini hicho?"

"Norwei," akasema Harmen.

Tjitske akavua glavu. "Paspoti ina muhuri?"

"Inao."

"Na nani anajua?"

"Mimi, na wewe, na Kobus."

"Kobus hasemi."

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo vita vilipoanza, maana adui wa kwanza hakuwa mbwa. Karatasi ilikuwa safi. Kitanda kilikwisha kwenda, walikuwa na godoro moja, mikate sita na usingizi wa saa tano mbele yao. Meli ilikwisha kulipiwa. Mnunuzi wa nyumba alikuwa anakuja saa moja jioni kuikagua. Harmen angeweza kukitupa kile kidonge kwenye mfereji, na dunia isingetikisika. Lakini aliona mbele yake bonde asilolijua, na mbweha wanaopita nyuma ya nyumba, na watoto wanaookota matunda ya porini na kuyala bila kuyaosha. Na watoto wale wangekuwa wamepokewa na mikono ya Tjitske.

"Siwezi kumtazama afisa wa mpaka," akasema. "Nitakuwa mwekundu kwa aibu. Unanijua."

"Unakuwa mwekundu hata ukiulizwa saa," akasema Tjitske. Akashusha pumzi ndefu. "Kliniki inafungwa saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu. Mpaka Jumatatu."

"Basi unasimama nini? Funguo ziko wapi?"

Hivyo wakapanda, jemadari wa wakunga akishika usukani, na Harmen kando yake na Kobus mapajani, vifuta maji vikichapa kulia na kushoto kama watumwa wa makasia. Jambo moja Harmen alikuwa hajamwambia mtu: kwamba aliogopa. Tjitske alikuwa na kazi kule, alikuwa na wenzake, alikuwa amejifunza lugha miezi minane jioni kwa jioni. Yeye alijua kusema asante, samahani na kigae. Tangu Kobus alipoingia katika koti lake alikuwa amejipa moyo kwamba huko watakuwa angalau wawili wasioelewa kinachosemwa. Akaushika mgongo ule mrefu kwa viganja vyake viwili, na mbwa akapiga miayo.

Wakafika saa kumi na moja kasoro dakika kumi na tano. Daktari Fenna, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi za kijivu, alikuwa akivaa koti atoke mapema. Akakiona kidonge mkononi mwa Harmen, akalivua tena.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilitazama soseji, sikutazama mbwa. Ule muhuri naufuta. Mwekeni mezani."

"Hakuna sindano yake?" akauliza Tjitske.

"Ipo, inakuja Jumatatu."

"Jumatatu kila kitu kipo," akasema Tjitske.

Shambulio la kwanza likafanywa kwa jibini. Fenna akalivingirisha tonge laini lenye kidonge kipya katikati, Kobus akalipokea kutoka mezani, akalitafuna kwa utaratibu akiwa amefumba macho. Na alipomaliza, kidonge kilikuwa kimewekwa mbele ya miguu yake, kikavu, kama mgeni wa heshima anavyoweka mwiba wa samaki pembeni mwa sahani.

Shambulio la pili lilikuwa la nguvu. Harmen alishika kiwiliwili, Fenna alishika taya, na Tjitske, ambaye hakuna kiumbe aliyewahi kumkatalia kufungua alichoambiwa afungue, akasimamia kwa sauti.

"Fungua! Haya, baba, fungua! Sasa! Sukuma, Fenna!"

"Nasukuma!"

"Shingo juu, Harmen, shingo juu! Usimwonee huruma!"

"Simwonei, ananitazama!"

Kobus akafungua. Kidonge kikaingia. Taya zikafungwa, koo likasuguliwa, watu wazima watatu wakahesabu mpaka thelathini wakiwa wameshika pumzi zao. Kisha Kobus akapiga chafya, na kidonge kikaruka juu ya meza, kikapita juu ya mizani, kikagota kwenye kioo cha kulia cha miwani ya Tjitske na kubaki hapo.

"Mbwa huyu," akasema Tjitske, bila kukitoa, "angekuwa mtoto, ningemrudisha ndani."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika nane. Fenna akasema kwa upole kwamba wapo watu mjini wanaolea mbwa kwa muda, na kwamba Kobus angeweza kufuata baada ya mwezi. Harmen akasikia neno mwezi, akaona Kobus akipelekwa kwa watu wengine tena, wa tatu katika wiki sita. Akatoa simu, akampigia Bibi Roelfien.

Bibi alipokea akiwa mezani, visu na uma vikilia nyuma yake. "Mwanangu! Mmeshafika?"

"Bado, bibi. Tuko Assen. Kobus hataki kumeza kidonge."

"Mnampaje?"

"Kwenye jibini. Kwenye soseji. Kwa mkono."

"Mnampa?" Bibi akacheka hata akakohoa. "Ah, mwanangu, pole sana. Kobus hapokei. Kobus huiba. Marehemu mume wangu alikuwa akikaa chini, anageukia ukuta, anakula na kunung'unika kwamba chakula hakitoshi. Kitakachodondoka hapo, hata kiwe msumari, kinakwenda. Lakini umnyime kweli kweli! Ukiigiza atajua."

Hapo Harmen Oldenbeuving, mpole wa Rolde, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumnyima mtu hata kiti, akajishusha sakafuni mwa kliniki, akageukia ukuta uliobandikwa picha ya meno ya farasi, na kupakata mkate, na juu ya mkate vipande vitatu vya soseji, kidonge kikiwa ndani ya kile cha katikati. Kobus akashushwa mezani. Akakaa mita mbili nyuma yake, hajali, akitazama mlango.

"Nung'unika," akanong'ona Tjitske.

"Niseme nini?"

"Chochote! Mimi unaninung'unikia kila siku."

Harmen akasafisha koo. Na kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo, akauhutubia ukuta: "Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na tisa! Nimepiga magoti katika mabafu ya watu mpaka magoti yakaisha! Na leo, siku ya mwisho katika nchi ya wazazi wangu, nimepewa soseji tatu! Tatu, enyi watu! Nani atanionea huruma? Basi na asije yeyote, wa miguu miwili wala wa minne, kunyemelea riziki hii, maana hapati! Hapati hata harufu! Ni yangu, na hii ni yangu, na hii nayo ni yangu!" Kila aliposema yangu alitia kipande mdomoni na kutafuna kwa ghadhabu, na machozi ya kweli yalikuwa yanamlengalenga, kwa kuwa hotuba ilikuwa imemchukua mbali kuliko alivyokusudia.

Nyuma yake Kobus bado alikuwa akitazama mlango.

"Harmen," akasema Fenna polepole. "Kile cha katikati kiko wapi?"

Harmen akaacha kutafuna. Akaulamba mdomo. "Kilikuwa kichungu kidogo," akasema. "Nilidhani ni pilipili manga."

"Una kilo ngapi?"

"Tisini na nne."

"Kidonge hicho ni cha kilo kumi. Hakitakudhuru, na minyoo yako kitaichekesha tu."

Basi Tjitske akaketi kwenye kiti cha wateja, akaficha uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Harmen akadhani analia. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka kama alivyokuwa hajacheka tangu sanduku la kwanza lilipofungwa, akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Daktari," akasema akipata pumzi, "mgongee muhuri huyo. Huyo anaruhusiwa kuingia Norwei. Mbwa tutamwacha na wewe."

Saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi na tisa. Fenna akaleta kidonge kingine na vipande vingine vitatu vya soseji. Tjitske akaketi sakafuni, bega kwa bega na mumewe, wakaugeukia ukuta wote wawili.

"Nipe kimoja," akasema, na safari hii hakuna aliyeigiza.

"Sikupi. Ulisema jana huna njaa."

"Jana! Tangu asubuhi nasugua jiko lako, nawe unaninyima soseji?"

"Jiko langu? Nani alitaka jiko la pili?"

"Nani alileta mbwa?"

"Nani alileta Norwei?" akasema Harmen, na kwa hasira akarusha mkono, na kipande cha pembeni kikadondoka kando ya goti lake.

Kilipita kitu. Wasiojua wangesema ni upepo. Waliokuwapo waliona tu ndevu, na kipande hakipo. Harmen hakugeuka, jasho lilimtiririka shingoni, naye akazidi kulalamika kuhusu baridi, na lugha, na samaki wa kila siku, na uzee. Kikadondoka cha pili, chenye kidonge. Ndevu zikapita. Na kabla koo halijamaliza kazi yake akadondosha cha tatu upesi, ili mwizi, kwa haraka ya kuiba kingine, asipate nafasi ya kufikiri juu ya alichokwisha kuiba.

"Glup," likasema koo la Kobus, na sauti hiyo naiandika kama ilivyosikika.

Fenna akamkamata, akamfungua taya, akamulika kwa tochi juu ya ulimi, chini ya ulimi, katika shavu la kulia na katika shavu la kushoto. Akanusa ndevu. Wakangoja dakika tano, na kwa dakika tano zile Kobus alimtazama kila mmoja wao kwa dharau ya mshindi, asijue kwamba ameshindwa. Hakutema. Fenna akaandika saa kumi na moja na dakika ishirini na nne, akapuliza wino, akagonga muhuri mpaka kalamu zikaruka kwenye kikombe.

"Harmen," akasema Tjitske garini, mvua ikigonga paa. "Yale ya baridi na uzee. Uliigiza?"

"Bibi alisema nisiigize."

Tjitske akawasha gari, akaacha injini ipate moto. "Kuna mama mmoja pale bondeni," akasema, "ameniandikia kuniuliza kama mume wangu anajua kutengeneza bafu. Ameshauliza mara mbili. Nilisahau kukuambia, kwa ajili ya masanduku." Kisha akanyoosha mkono, akamsugua Kobus nyuma ya sikio bila kumtazama, na Kobus akauvumilia mkono ule.

Jumamosi wakapita Ujerumani katika ukungu na Denmark katika upepo; bahari ikawatikisa saa tatu, na Harmen hakula soseji. Saa kumi na mbili na nusu jioni walikuwa Kristiansand, bandari ya Norwei, katika njia ya wenye kitu cha kutangaza. Afisa wa forodha, msichana mwenye nywele zilizosukwa na koti la kung'aa, akaipokea paspoti, akafunua ukurasa mmoja, akauliza kwa Kiingereza cha taratibu:

"Dawa ya minyoo amemeza?"

Na Harmen, ambaye huwa mwekundu akiulizwa saa, akamtazama usoni, na damu yake ikakaa mahali pake. "Amemeza," akasema.

Alitaka kuendelea. Alikuwa na jibini la kueleza, na miwani, na meno ya farasi. Lakini msichana alikwisha kuirudisha paspoti na kumpungia mkono apite. Harmen hakupita. Alikuwa amekaa akiwa ameshika usukani, akilisikiliza lile neno moja alilolisema mpakani, nalo lilikuwa la kweli kutoka juu hadi chini.

Andikeni basi, enyi watunza tarehe, kwamba katika siku ile fundi wa vigae wa Rolde aliingia Norwei na mke wake, na mbwa asiye na mnyoo, na yeye mwenyewe akiwa amepunguziwa baadhi. Kwamba nchi ile ilikuwa salama asubuhi, na jioni ikawa salama bado, na haikujua ni kwa ajili ya nani. Nyuma yake magari arobaini na mawili yakaanza kupiga honi kwa pamoja, marefu na mafupi, na bandari nzima ikavuma. Na mimi mwandishi wa habari hizi sikubali kuambiwa kwamba ilikuwa kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa shangwe.